Hasira Yako Inaenda kwa Nani?

Rafiki wa mdogo wangu, msichana wa chuo kikuu, aliniuliza majuzi: unawezaje kuwa mfeministi, mtetezi wa haki za wanawake, ukasoma kila asubuhi habari za wanawake wanaouawa Kenya, na usiku bado ukapata usingizi? Nilimrekodia ujumbe wa sauti mrefu mno. Sidhani aliumaliza, maana hakuna anayemaliza ujumbe wa sauti wa namna ile, kwa hiyo nauandika hapa na kuongeza mengine.

Kubwa kwangu ni hili: usiimalize hasira yako kwa watu wasiokujua. Mtu aliyeweka picha ya gari badala ya sura yake anaandika kwamba wasichana wa siku hizi wanapenda pesa, ndiyo maana wanauawa. Nawe unakesha ukimjibu, unamtafutia takwimu, unamwekea viungo vya kurasa za habari. Yeye anacheka, na kila jibu lako linazidi kumpa watazamaji. Wakati huohuo, kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjomba ameandika maneno yaleyale kwa lugha ya adabu, akamalizia na dua, na sote tumepita kimya kwa kuwa ni mkubwa. Yule wa gari hutakutana naye kamwe. Mjomba ana mabinti. Siku mmoja wao atakaporudi usiku analia na nguo zimeraruka, mjomba ndiye atakayeamua kama wataenda polisi au mambo yataishia sebuleni.

Kwa hiyo mimi siku hizi napima: huyu ninayetaka kumjibu, ana uamuzi wowote juu ya maisha ya mwanamke ninayemjua? Kama hana, nafunga simu.

Januari 2024 ilinifundisha namna ya kujibu. Katika muda wa wiki mbili hivi wanawake wawili waliuawa Nairobi, wote katika nyumba za kukodi kwa siku. Kazini kwetu, saa ya chakula, mazungumzo yakawa ni wao tu: walienda kufanya nini huko, nani alilipia chumba, mmoja alikuwa na wafuasi wangapi Instagram. Wenzangu si watu wabaya. Lakini ungesikiliza kwa makini ungedhani wale wanawake walijiua wenyewe, kwa sababu muuaji hakutajwa hata mara moja. Sikutoa hotuba. Niliuliza tu, nikiendelea kula: na yule mwanamume, yeye alienda kufanya nini huko? Mmoja akacheka, mwingine akaanza sentensi akaiacha katikati. Swali fupi linafanya kazi kuliko mhadhara, kwa sababu mhadhara wamekwisha kujiandaa nao. Wanajua utasema nini kabla hujasema.

Tarehe 27 mwezi huohuo maelfu waliandamana Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine. Nilikuwepo Nairobi. Wengi walivaa fulana zenye majina ya waliouawa, na mwakilishi wa wanawake wa kaunti bungeni aliposimama kuhutubia alizomewa, akaulizwa alikuwa wapi muda wote. Nimesikia watu wakilalamika kwamba ile ilikuwa kukosa heshima. Mimi naona ndilo swali lililokwenda pale hasa lilipotakiwa kwenda.

Rudi kwa mjomba. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alishiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Alikuwa akiishi kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, alikonunua ardhi na kujenga ili awe karibu na sehemu za mazoezi. Jumapili ya tarehe 1 Septemba alikuwa ametoka kanisani na mabinti zake. Mpenzi wake wa zamani akamvizia hapo nyumbani, akammwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki siku ya nne yake katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, akiwa na miaka 33. Baba yake aliwaambia waandishi kwamba walikuwa wamesharipoti polisi kabla ya hapo.

Mjomba alituma habari hiyo kundini na kuandika kwamba mali huleta fitina. Sikumjibu pale. Mkubwa ukimsahihisha mbele ya wapwa na wakaza mwana, atatetea alichosema hadi kiyama, hata kama moyoni amekwisha kukiacha. Nilimpigia jioni. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za shangazi, za mafuta ya taa, za goti. Kisha nikamuuliza: huyu Rebecca alikuwa klabu? Hapana. Alikuwa na mwanamume wa watu? Hapana. Alivaa vibaya? Mwanangu, alikuwa ametoka kanisani. Alikuwa akila pesa ya mtu? Zilikuwa pesa zake, za miguu yake. Basi mjomba, kosa lake nini?

Akasema, haya mwanangu, nimekusikia. Kwa mjomba hayo ndiyo maneno ya kukata simu, kwa hiyo sikuhesabu ushindi. Miezi ikapita. Siku moja akanipigia kuuliza ile nambari ya bure ya wanaodhulumiwa niliyowahi kuituma kundini, ambayo nilidhani hakuna aliyeitazama. Hakusema ni ya nani nami sikuuliza.

Hapohapo kwenye pesa kuna jambo ambalo ningependa tulizungumze zaidi. Kabla ya Rebecca alikuwa Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya aliyechomwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Aliyeshtakiwa ni mumewe. Wanariadha wenzake walipoanza kusema, ilibainika hadithi inajirudia: msichana anaanza kushinda, anatokea mwanamume ambaye ni kocha, meneja na mchumba kwa mpigo mmoja, kisha zawadi za mbio zinanunua shamba ambalo hati yake haina jina la aliyekimbia. Tunaambiwa kila siku kwamba msichana akipata pesa zake yuko salama. Wanariadha hawa walikuwa nazo. Mdogo wangu, ukianza kupata, jifunze kwanza hati inasomwaje na jina la nani liko wapi. Hilo ningelisema hata kama hujawahi kusikia habari ya ufeministi.

Silaha yangu nzuri kuliko zote nilipewa na bibi. Tunawadhania vikongwe wetu kuwa wapinzani kabla hatujawauliza. Siku moja nilikuwa nikilalamika kwamba kila nikizungumza naambiwa haya ni mambo ya wazungu, ya kwenye intaneti. Bibi akaniuliza kama namjua Kijiti. Simjui. Akaanza kuimba.

Ni wimbo wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Unasimulia kesi ya kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anafika Unguja, anatolewa matembezi, na huyo Kijiti anamwua. Kijiti anavuka bahari anatoroka. Kesi inapofika mbele ya jaji, hasira zake zinawaangukia mashahidi. Karibu miaka 100 iliyopita, na habari nzima imo: mwanamke amekufa, muuaji hayupo, wanaohojiwa ni waliokuwa naye. Siti hakuandika barua kwa serikali ya kikoloni. Aliuimba ule uamuzi ili kila nyumba yenye santuri ijue jaji alifanya nini. Kwa hiyo mtu akiniambia haya yametoka Ulaya, simbishii, namchezea wimbo. Ningeshauri kila msichana amuulize bibi yake anakumbuka kesi gani. Utashangaa ni ngapi, na utashangaa anavyokumbuka majina.

Kelele za mtandaoni sizidharau, mradi ziwe na pa kwenda. Juni 2013, huko Busia, magharibi mwa Kenya, msichana wa miaka 16 ambaye magazeti yalimpa jina la Liz alibakwa na kundi la vijana na kutupwa kwenye shimo la choo. Watatu waliopelekwa kituoni waliadhibiwa na polisi kwa kukata nyasi, wakarudi nyumbani. Gazeti la Daily Nation lilipoiandika habari hiyo Oktoba, ombi la mtandaoni likakusanya saini zaidi ya milioni 1, na waandamanaji wakazipeleka hadi makao makuu ya polisi Nairobi. Zilikuwa na mtu wa kuzipokea. Aprili 2015 mahakama iliwafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja. Hesabu muda hapo katikati. Karibu miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mitandao ilikuwa imekwisha kuhamia mambo mengine.

Ndiyo maana kuhusu usingizi jibu langu ni hili: chagua kesi moja, au mbili, uzifuate mpaka hukumu. Andika tarehe ya kutajwa, tarehe ya kuahirishwa, mahakama ipi. Nyingine zisome kisha uziache ziende. Polisi walipotoa hesabu mwaka 2024 ya wanawake 97 waliouawa katika miezi mitatu, kuanzia Agosti hadi Oktoba, niliona wenzangu wakijaribu kuwalilia wote 97 kwa wiki moja. Hakuna kifua cha kubeba hivyo. Unaishia kuwa mtu asiyesoma tena chochote.

Muziki nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua mnasubiri niukataze. Sikatazi. Nacheza bongofleva, nacheza gengetone, ule muziki wa vijana wa Nairobi, na kwenye rusha roho mtanikuta mbele. Mwaka 2019 kikundi kimoja cha gengetone kilitoa wimbo wa kusifu ubakaji. Watu wakapiga kelele, ukaondolewa YouTube, nao wakaomba radhi. Mpaka wangu uko hapo. Wimbo wa matusi ya mapenzi ni starehe ya watu wazima. Wimbo unaosema mwanamke asiyetaka alazimishwe, namfuata DJ namwambia abadilishe, na mara nyingi anabadilisha bila ubishi, maana hata yeye hakuwa akisikiliza maneno.

Picha za marehemu usizisambaze. Hata ukiwa umeandika maneno ya uchungu juu yake. Mama yake yumo kwenye WhatsApp.

Badala yake sambaza haya. Nambari 1195 ni ya bure Kenya nzima, kwa yeyote anayedhulumiwa kijinsia. Aliyebakwa afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti, plastiki inaharibu ushahidi. Kituoni ahakikishe ameandikwa kwenye OB, daftari la matukio la polisi, na amepewa nambari yake, kisha fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Na kwa wanaopigwa nyumbani, ipo sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya dhuluma za nyumbani: mahakama inaweza kumwamuru anayedhulumu akae mbali na nyumba hata kama nyumba ni yake. Hilo la mwisho wanawake wengi niliowaambia hawakuniamini. Walioko Tanzania waulizie Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mkiambiwa kituoni "nendeni mkayamalize nyumbani", msigombane. Ombeni jina na nambari ya afisa, mwandike mbele ya macho yake, mseme kwa upole kwamba IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi Kenya, hupokea malalamiko dhidi yao. Nimemsindikiza rafiki mara moja kituo fulani Nairobi. Kalamu ilipotoka mkobani, daftari la OB nalo likapatikana.