Patriaki maana yake nini? Neno lililoniumbua mbele za watu

Juzi kuna dada kanitumia meseji, "mwalimu, patriaki ndo nini, ni cheo cha kanisani au ni akina Ibrahimu?" Nikacheka, halafu roho ikaniuma, maana hilo neno lilishaniumbua.

Tulikuwa kwenye kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na mimi nilivyotaka kuonekana najua Kigiriki nikasema patri ni baba, arki ni kale kama ile ya akiolojia, kwa hiyo patriaki ni baba wa kale. Watu wakaandika kabisa kwenye madaftari! Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "samahani mwalimu, sasa mbona Matendo 2:29 kwa Kigiriki Daudi naye anaitwa patriaki, na yeye kaja nyuma sana?" Nikababaika, nikasema tutarudi hapo. Hatukurudi.

Usiku ule sikulala, nilichimba mpaka nikaelewa. Neno halijaanzia kwa baba moja kwa moja, limeanzia kwenye patria, yaani ukoo, ndo ile Luka 2:4 Yusufu anaposemwa ni wa mbari ya Daudi. Hiyo arki ni kutawala, kuongoza. Kwa hiyo patriaki ni mkuu wa ukoo, ndo maana Matendo 7 inawaita hivyo wale wana 12 wa Yakobo, na Waebrania 7:4 Ibrahimu ni "baba yetu mkuu". Cheo cha maaskofu wakubwa wa Konstantinopoli, Antiokia na kwingine kilikuja baadaye, neno likaazimwa tu.

(Ila jamani, arkhe kwa Kigiriki ni mwanzo pia, "hapo mwanzo" ya Yohana 1:1 ni hiyohiyo, na akiolojia imetoka mzizi huohuo, kwa hiyo sikupotea KIHIVYO. Yule kijana hilo hakulisema.)

Sasa wenzangu mnaofundisha, neno usilolijua usilipasue mbele za watu, lipasue kwanza nyumbani. Tafuta kila aya lilipo. Hili kwenye Agano Jipya la Kigiriki liko mara 4 tu, nusu saa haiishi, mimi nilishindwa nini kama si kiburi? Tunapenda kuitwa mwalimu kuliko kusoma, tuache.

Dada, jibu lako ni vyote viwili, ila akina Ibrahimu ndo walitangulia. Na wewe kijana wa nyuma, kama unasoma hapa, nilisema tutarudi. Ndo nimerudi.