Sikuuza imani kwa euro 18

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni, nikaurudia kwenye tramu nikienda kazini. Unasema huko Machame habari imeenea kwamba dada yako amesaini karatasi ya kumkana Yesu ili mshahara uongezeke, kwamba kuna mzungu nyuma ya jambo hili, na baba mdogo yeye ameshafika kwenye frimasoni. Halafu mwishoni, kwa sauti ndogo, unasema umepata nafasi ya kuja kusomea uuguzi ila mama anasita, anaogopa Ulaya isije ikakufanya kama ilivyonifanya mimi. Haya. Nakujibu wewe, na wengine wanaotaka kusoma wasome, maana nimechoka kusimuliwa habari zangu mwenyewe.

Mzungu hakuna. Frimasoni kama wapo hawajanitafuta, na wangenitafuta nisingekuwa nabadilisha wazee pampasi saa tisa usiku. Karatasi ipo, ila ni ya kujitoa kanisani. Nilisaini kwa mkono wangu na cheti chake kipo kabatini.

Ukifika hapa Ujerumani unajiandikisha manispaa, na kwenye fomu kuna swali la dini. Mimi nilijibu "Mlutheri" kwa sauti ya mtoto wa mzee wa kanisa, nikiwa najisikia kabisa, nipo Leipzig kwenyewe, mji waliotoka wale wamisionari wa kwetu. Yule mama wa dirishani akaandika. Mshahara wa kwanza ulipotoka nikaona kwenye slipu herufi mbili, ev, yaani Mkristo wa Kiinjili, na chini yake makato. Huku serikali ndiyo inayolikusanyia kanisa. Hapa jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara wote kama wanavyopotoshana huko. Kodi yako ikiwa euro 200, kanisa linachukua 18. Kwa hela ya kwetu ni kama elfu hamsini. Mabati ya usharika peke yake yameshakula zaidi ya hapo, na sijawahi kukataa mchango. Sasa huyo anayesema nimeuza imani, aje anioneshe faida iko wapi.

Sisemi 18 si hela. Kuna mwezi 18 ndiyo nauli yako ya kwenda na kurudi Moshi mjini wiki nzima na chakula juu yake. Na wapo wenyeji wengi wanaotoka kanisani kwa sababu hiyohiyo, hawafichi. Lakini mimi nililipa hiyo kodi muda mrefu baada ya kuacha kuamini, nikijiambia ni sadaka, ni bahasha ya ahadi iliyobadilika sura.

Kujitoa kanisani unaenda ofisi ya kusajili ndoa na vifo. Kitambulisho, ada, sahihi. Ni kazi ndogo kuliko kusajili laini ya simu. Yule mtumishi hakuniuliza sababu, wala si kazi yake kuuliza. Akanipa cheti, akaniambia nikitunze, maana miaka ikipita anaweza kutokea mtu akataka nithibitishe. Nikatoka nje. Ubatizo, kipaimara, kwaya ya vijana, mikesha yote ile, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Na huko nyumbani, ndugu yangu, nako hamkuuliza. Mlikuwa na majibu tayari. Hata wewe umeuliza "ni kweli?", hukuuliza kwa nini. Ngoja nikwambie hata hivyo.

Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa mwalimu enzi za Ujerumani Mashariki. Alibatizwa utotoni, akatoka kanisani miaka ya hamsini, kwa sababu mwalimu aliyeng'ang'ania kanisa kipindi kile alikuwa anajitafutia matatizo. Wanawe hawakupata kipaimara, walifanyiwa ile sherehe ya vijana ya serikali iliyowekwa badala yake, na wajukuu hivyohivyo. Usidhani ni watu wanaomchukia Mungu. Hawamfikirii. Huku Saxony wasio na kanisa ndio wengi, na tangu 2022 hata Ujerumani nzima waumini wa Kiinjili (Walutheri na wenzao) na wa Kikatoliki ukiwajumlisha hawafiki nusu ya wananchi.

Yule bibi ndiye aliyenifundisha Kijerumani. Kitandani, mkono mmoja umepooza, ananirekebisha kila sentensi hadi naona aibu, halafu anacheka. Barua za ofisi ya wageni nilizokuwa naogopa hata kuzifungua, nilikuwa namletea mapumziko, anavaa miwani, anasoma, ananiambia hapa wanataka hiki na hiki, andika hivi, jibu kabla ya tarehe hii. Kibali changu cha kuishi kimepita mikononi mwake. Binti wa shangazi yetu, aliyeokoka, anayefunga kila Ijumaa, alikuwa ameniblock kipindi hicho kwa sababu nilishindwa kumtumia hela ya send-off.

Yule bibi alikufa kwenye zamu yangu ya usiku. Mwenzangu wa zamu, kijana wa hapahapa asiye na dini, alimfumba macho, akamnyoosha shuka, kisha akafungua dirisha, na nje kulikuwa na baridi kali. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo wanavyofanya, eti roho ipate njia. Yeye asiyeamini roho! Mimi mwenye dini nikaanza Baba Yetu kimyakimya, nikakwama. Kwa sababu mimi nilijua, kwa jinsi tulivyofundishwa kipaimara, huyu bibi ameenda wapi. Unakumbuka mwinjilisti alivyokuwa anatueleza moto, tajiri anaomba tone la maji, Lazaro anamtazama kutoka mbali? Wewe ulilala na mama wiki nzima.

Sikuacha imani usiku ule, usije ukaenda kusimulia hivyo. Nilienda kwa mchungaji wa mtaa wangu, mtu mpole, akanikaribisha kahawa. Nikamuuliza bibi yuko wapi. Akaniambia rehema za Mungu ni pana kuliko tunavyofikiri, na kwamba siku hizi hawahubiri tena mambo ya moto wa milele. Alidhani ananifariji. Mdogo wangu, nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Hamhubiri tena? Ninyi ndio mliopanda mlima mwaka 1893 mkafungua kituo Machame. Ninyi mlituletea Ungamo la Augsburg la 1530, na ibara ya 17 inawalaani wanaosema adhabu ya waliohukumiwa itakuwa na mwisho. Nimeisoma, imeandikwa hivyo, na bado imo katika misingi ya kanisa lao na letu. Bibi yetu alikufa akilia kwa ajili ya kaka yake aliyegoma kubatizwa. Alilia kweli, unajua. Halafu watu wa huku wakaliweka lile fundisho pembeni taratibu, bila hata kutuma salamu kwamba jamani, ile habari tuliyowaletea, punguzeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na mengine. Nani anaamua kipi kinawekwa pembeni na kipi kinabaki. Nilisoma, niliomba, nilifunga. Nilienda kwa Wapentekoste wa Kiafrika, wale walikuwa na moto wote kama nilivyouacha nyumbani, wakaniambia nina pepo la elimu. Mwisho wa yote niliona siamini. Watu wananiambia "umepoa", wengine "bado unatafuta". Sitafuti. Siamini kwamba Yesu alifufuka, siamini kuna mahali pa kuchomea watu, na ninapokaa kimya usiku simsikii mtu upande wa pili. Ningependa kumsikia. Sikudanganyi kwa hilo.

Baba mdogo alinipigia akanikumbusha Ovir na Segebrock, wale vijana wa misheni ya Leipzig waliouawa Meru mwaka 1896, akasema damu yao itanidai. Nikamjibu kwa heshima kwamba waliomwaga damu kwa ajili ya jambo walistahili wasikilizwe, na mimi nimewasikiliza maisha yangu yote. Akakata simu. Mwambie namsalimia. Mwambie pia ile hela ya dawa ya ng'ombe haikuwa na pepo.

Lakini wanaosema ni Ulaya, wananiudhi zaidi. Ulaya haikunigusa. Wengi niliokuja nao sasa wanasali kuliko walivyokuwa wanasali Tanzania. Mtu hana kibali, kesi iko mahakamani, theluji imefika magotini, chumba wanalala wanne: huyo atakesha kwenye maombi, na ana haki. Ukija, jambo la kwanza nenda kanisani. Namaanisha. Huko ndiko utakapopata mtu wa kukusomea barua, wa kukuazima koti la baridi, wa kukwambia chumba kipo wapi. Hata kama huamini nenda. Au usiende, usije ukaanza kula unafiki na kahawa yao kila Jumapili kama mimi, inachosha kuliko zamu mbili.

Kwenye fomu, jaza ukweli. Wewe unaamini, andika unaamini. Mwanafunzi wa uuguzi posho yake ni ndogo, kodi ni kidogo mno na hiyo asilimia 9 yake pengine hutaiona kabisa. Usije ukaacha nafasi wazi kwa ujanja wa kuokoa senti halafu unataka mchungaji aje kukuzika. Nasema hivi mimi niliyetoka, naona aibu, lakini ndivyo.

Mama umwambie nini? Usimwambie yote haya. Hapana, msomee, ila ruka habari ya bibi yetu.

Maana mama anajua zaidi ya mnavyodhani. Krismasi niliyokuja, wakati wa Chakula cha Bwana, benchi letu lote liliinuka kwenda mbele. Mimi nikabaki. Nilikuwa nimejiandaa kusema tumbo linauma. Mama alikuwa ameshasimama, kitenge kipya, bahasha mkononi. Akanitazama. Akakaa. Mwanamke ambaye hajawahi kuikosa Meza ya Bwana isipokuwa siku za uzazi, akakaa pale kando yangu, watu wanapita wanatutazama, na mzee wa kanisa wa zamu ametukodolea macho. Hakusema neno, hata njiani kurudi. Jioni akanipa ndizi za kwenye sufuria ndogo, zile za wagonjwa, akasema kula. Kama kuna kitu nilichopoteza, ni hicho nilichomfanyia mama. Mungu sina deni naye.

Na hapo ndipo watu wananiuliza, ukifa utazikwa na nani? Swali zuri, silichukii. Najua kanisa la kwetu haliziki aliyetengwa mpaka arudi kundini. Kihamba, lile shamba la ukoo, ni cha baba, wanaume wa ukoo watachimba, shimo halihitaji mchungaji. Wimbo ndio utakosekana, na mimi nyimbo nazipenda. Hata huku Ijumaa jioni nikiwa sina zamu naenda kanisa la Mtakatifu Thomas, lile alikofanya kazi Bach tangu 1723 hadi alipokufa, wale watoto wanaimba, mimi nakaa nyuma nalia kama mjinga. Binamu alinipiga picha akatuma kwenye grupu, "amerudi". Sijarudi. Nimekaa tu.

Wewe njoo. Kazi ni ya kinyesi na migongo kuuma, sikufichi, na mwaka wa kwanza utamlilia mama chooni ili wenzako wasikusikie. Lakini ni miaka mitatu, unalipwa ukisoma, na cheti kinatambulika. Tukiwa wote hapa, Jumapili asubuhi nitakusindikiza mpaka mlangoni, nitakusubiri kwa Mturuki wa kona pale, tule pamoja. Usijaribu kuniokoa. Labda siku mojamoja, ukiona nimezidi.

Maliza mtihani wa Kijerumani wa B1 kwanza, bila hiyo viza ni ngumu kupata, na acha kusoma usiku kwa mwanga wa simu. Njoo na unga wa ulezi, wa hapa ni ghali. Hela ya mabati nimetuma jana kwa namba ya mama. Mwambie mzee wa kanisa asilitangaze jina langu madhabahuni, "binti yetu wa Ujerumani" ile iishe sasa. Akitaka jina la kusoma, asome la mama.