Goita ya mama imeanza kukua tena

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58 na ana goita tangu usichana wake. Miezi minne sasa upande wa kulia umeongezeka na sauti inakwaruza. Kipimo cha damu cha TSH kimetoka sawa, tukaambiwa tusiwe na wasiwasi. Majirani wanasema goita ikikaa sana hugeuka kansa. Ni kweli? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba. Kukaa sana peke yake si hoja. Huko Nyanda za Juu Kusini goita ilienea kwa upungufu wa madini joto, na wengi wamezeeka nayo salama. Goita ya zamani huota vinundu, na kati ya vinundu 100 vinavyochunguzwa, saratani hupatikana katika 5 hadi 15 hivi.

Ila goita iliyotulia miaka mingi kisha ikakua kwa miezi minne, tena na sauti ikabadilika, hiyo isisubiri. Neva ya sauti hupita nyuma tu ya tezi ya shingoni, ile inayovimba kuwa goita. Saratani ikiivamia, sauti hukwaruza. TSH nayo isiwatulize. Inaonyesha kama tezi inatoa homoni ya kutosha, haionyeshi kinundu kimejaa seli gani, na wenye saratani ya tezi hii wengi TSH yao ni ya kawaida.

Mpelekeni mama apigwe ultrasaundi ya shingo yote, pamoja na matezi ya pembeni (tezi za limfu). Ombeni ripoti itaje kila kinundu chenye shaka: kipimo chake, kama ni cheusi kwenye picha, kingo zake zimechongoka, kina chembe nyeupe za chokaa, au kimesimama kirefu kuliko upana wake. Daktari wa masikio, pua na koo aangalie nyuzi za sauti.

Kisha sampuli ichukuliwe kwa sindano nyembamba, huku ultrasaundi ikiielekeza. Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi: huchomwa kinundu kikubwa kwa sababu kinashikika, kumbe kina maji tu, na chenye shaka cha sentimita 1.5 kipo jirani yake. Jibu la "sampuli haitoshi" halina maana kwamba hakuna saratani, kipimo kirudiwe. Majibu mengine sindano haiwezi kuyamaliza: saratani ya aina ya folikula hujulikana baada ya kuondoa nusu ya tezi na kuangalia kama seli zimetoboa ganda la kinundu.

Msimpe matone ya madini joto yanayouzwa mitaani. Kwenye goita ya zamani yanaweza kuifanya tezi itoe homoni kupita kiasi, moyo ukaanza kwenda mbio. Akikosa pumzi anapolala chali, au akipumua kwa mlio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Aende na picha zake za zamani. Mwelezeni daktari kama kuna ndugu aliyeugua saratani ya tezi hii, au kama mama aliwahi kutibiwa kwa mionzi shingoni utotoni. Saratani ya tezi hii iliyo ya kawaida zaidi, ya papilari, hutibika vizuri kwa upasuaji, hata ikiwa imefika kwenye matezi ya shingo.