Jibu: Prosesa ya bei nafuu na isiyokula umeme kwa chumba cha gemu, Mtwara

Salama mkuu. Nimekuelewa: kompyuta nane hapo Chikongola, unataka prosesa ambayo haitamaliza umeme wa LUKU. Anza na gemu wanazocheza vijana. Kama ni CS2, Valorant na GTA V, chukua prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G. Ina grafiki (sehemu inayochora picha za gemu) ndani yake, hivyo hununui kadi ya grafiki. Imepangiwa wati 65, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) unaweza kuishusha hadi 45. Mimi zangu naziacha kwenye 45; joto la chumba linapungua, na kwa hali ya hewa yetu hilo ni jambo kubwa.

Ila usiweke RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja ya GB 16. Weka mbili za 8, maana grafiki hiyo inaazima RAM, na ikiwa moja gemu zinakwamakwama. Fungua programu ya CPU-Z, sehemu ya Memory, uone imeandikwa Dual au 2 x 64-bit, yaani RAM mbili zinafanya kazi pamoja.

Prosesa ya Intel, Core i3-12100F, ni nzuri pia, lakini haina grafiki. Ukiongeza kadi ya grafiki kama GTX 1650, hiyo kadi peke yake ni wati 75. Mara nane, piga hesabu.

Prosesa za Intel i5 za mtumba za kizazi cha nne ziache, hata ukipunguziwa bei. Windows 11 haizitambui rasmi.