Maswali na Majibu ya Madereva: Gia Zinazokataa Kuingia

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni dereva hapa Moshi na kwa miaka mingi nimeendesha Scania. Tajiri wangu amenunua Freightliner (lori la Kimarekani) iliyotumika, yenye usukani wa kushoto na giaboksi ya Eaton Fuller ya gia 10, akanikabidhi. Nikiongeza gia inasaga. Nikipangua, yaani kurudi gia ndogo, inakataa kabisa, nabaki nyutro huku lori linatembea. Tajiri anaamini giaboksi ni mbovu na anataka fundi aifungue. Je, aifungue? Na nijifunze vipi kabla sijaanza kubeba saruji kutoka Tanga kupeleka Arusha? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe tajiri wako asubiri kwanza, kwa sababu hayo unayoyaeleza humpata karibu kila dereva anayeingia katika giaboksi ya aina hiyo na mazoea ya ile aliyotoka nayo. Katika Scania yako ndani ya giaboksi mna sinkronaiza, yaani koni za msuguano zinazosawazisha mwendo wa gia na wa shafti kabla meno hayajakutana, ndiyo maana ulikuwa ukikanyaga klachi mara moja tu na gia ikaingia. Katika sehemu kuu ya giaboksi ya Eaton Fuller koni hizo hazimo, na wala hazikusahauliwa: chini ya mizigo mizito ni kifaa kinachochakaa, hivyo watengenezaji waliziacha, wakabaki na meno manene yanayodumu, na kazi ya kusawazisha mwendo wakamwachia dereva. Kondakta anayedandia daladala inayotembea hukimbia kwanza sambamba nayo ndipo ashike mlango. Gia yako nayo inataka injini ikimbie sambamba na magurudumu ndipo iingie.

Kwa hiyo utakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Unapoongeza, kanyaga klachi kidogo, toa gia na uiweke nyutro, achia klachi, kisha ngoja mizunguko ya injini ishuke. Ikifika inapotakiwa, kanyaga tena na uingize gia inayofuata. Katika giaboksi ya gia 10, ukitoka kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, gia inayofuata itakubali karibu na 1,100, yaani tofauti ya kama 400. Usiusukume mkono wa gia kwa nguvu. Ushike kwa vidole, uuegemeze taratibu mlangoni mwa gia, nao utazama wenyewe mizunguko ikilingana. Ukisikia inasaga, umewahi au umechelewa, na hakuna nguvu ya mkono itakayorekebisha jambo hilo.

Kupangua ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu hapo kusubiri hakusaidii: mizunguko inashuka, wakati gia ndogo inataka ipande. Ukiwa kwenye 1,100, kanyaga klachi, weka nyutro, achia klachi, kisha ukiwa bado nyutro kanyaga mafuta hadi karibu 1,500, halafu kanyaga klachi na uingize gia mara moja. Hatua hiyo ya mafuta katikati ndiyo unayoiruka, nami nina hakika ndiyo inayokuacha nyutro. Kumbuka pia kwamba kwenye mlima lori lenye mzigo hupoteza mwendo upesi, kwa hiyo mahesabu ya tambarare hayatoshi. Itakubidi upangue mapema na kwa haraka zaidi.

Gia zako 10 zinapatikana kwa nafasi tano zinazotumika mara mbili: ngazi ya chini (gia 1 hadi 5) na ngazi ya juu (6 hadi 10). Ukiwa bado kwenye gia ya 5, inua kile kiswichi kilicho kwenye kichwa cha mkono wa gia, kisha ndipo utoe gia; mkono ukipita nyutro, upepo utabadilisha ngazi, nawe utarudi kwenye nafasi ile ile ya gia ya 1, ambayo sasa ni ya 6. Wakati wa kushuka kutoka ya 6 kwenda ya 5, kibonyeze chini kwa utaratibu huo huo. Usikishushe kamwe lori likiwa katika mwendo mkali, kwa sababu hapo ndipo giaboksi huharibika kweli na tajiri wako akapata sababu ya kuifungua.

Mazoezi ya kwanza yafanyie uwanjani, kisha uende barabara tambarare ukiwa na tela tupu. Kipande cha kati ya Mwanga na Same kinafaa asubihi mapema. Kwa kuwa usukani uko kushoto, mkono wako wa kulia ndio utakaoshika gia, nao hauna mazoea hayo, kwa hiyo kabla ya kuwasha injini pitisha gia zote mara nyingi mpaka usihitaji kuangalia. Wapo watakaokufundisha kubadili gia bila kugusa klachi. Inawezekana, na madereva wazoefu wa Marekani hufanya hivyo, lakini wewe usianze nayo.

Ninalokusihi zaidi ya yote ni bonde la Mto Kikafu, kati ya Moshi na Boma Ng'ombe. Ukiwa na saruji, chagua gia ya kuteremkia kabla mteremko haujaanza, washa breki ya injini (inayotumia injini yenyewe kupunguza mwendo), na usijaribu kubadili gia ukiwa katikati ya mteremko. Ukibaki nyutro pale, uzito wote unaangukia breki za magurudumu, nazo zikipata moto hupoteza nguvu. Ikitokea umebaki nyutro, usihangaike kutafuta gia: tumia breki mara moja zikiwa bado za baridi, simamisha lori, kisha uanze upya kwa gia ndogo.

SWALI: Nina lori la aina hiyo hiyo hapa Arusha. Fundi amebadilisha breki ya klachi zaidi ya mara moja na bado inaisha. Tatizo ni nini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Muulize dereva wako anakanyaga klachi mpaka wapi. Breki hiyo imewekwa kusimamisha shafti ya giaboksi ili gia ya kwanza au ya nyuma iingie bila kusaga wakati lori limesimama, nayo hushika mwishoni kabisa mwa safari ya pedali, kama sentimita mbili na nusu za mwisho. Dereva anayekanyaga hadi sakafuni lori likitembea huisaga kila anapobadili gia. Gari likiwa katika mwendo, pedali ishuke kiasi cha kuachanisha klachi tu. Fundi naye apime marekebisho ya klachi, kwa sababu ikiwa breki inashika juu mno, hata dereva makini ataimaliza.