Unaanza enduro ngumu kwa pikipiki ya umeme? Jifunze mtelezo kwanza

Karibu kila anayehama kutoka pikipiki ya petroli kuja enduro ngumu ya umeme, yaani mbio za kupita kwenye mawe, mizizi, tope na vilima vikali, huniuliza swali lilelile: udhibiti wa mtelezo, ule mfumo unaopunguza nguvu gurudumu la nyuma likiteleza, niuweke kiwango gani? Nasema uanze chini kabisa, karibu na sifuri, mpaka nyayo zako kwenye vikanyagio zitambue gurudumu la nyuma linapoanza kuteleza. Kwenye petroli, sikio ndilo linalokupa habari. Tairi likikosa mshiko injini hupaza sauti, na mkono unapunguza mafuta hata kabla hujafikiri. Mota ya umeme haikupi kelele hiyo. Inatoa mlio mwembamba tu, na katikati ya mawe yanayoporomoka hata huo husikii. Ukiwasha kidhibiti kwa nguvu tangu mwanzo, utapanda kilima bila kujua kilichokupandisha ni mkono wako au ni programu.

Elewa pia kinachofanyika ndani. Pikipiki za barabarani hulinganisha kasi ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kwetu hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu gurudumu la mbele mara liko hewani, mara limegota kwenye jiwe. Kwa hiyo mifumo ya huku hutazama jinsi mzunguko unavyopanda. Tairi lililoshika ardhi linasukuma uzito wote wa pikipiki na wako, haliwezi kuongeza kasi ghafla. Lililoachia huchomoka mara moja. Hapa umeme una faida ya kweli: pikipiki ya umeme kama Stark Varg haina klachi wala gia za kubadili, hivyo mota na gurudumu la nyuma vinakwenda pamoja muda wote, na kihisi cha mota kinajua mzunguko ulivyo kila kitambo kidogo. Nguvu ya kuzungusha inafuata mkondo wa umeme, na kontrola, kifaa kinachoongoza umeme unaoingia kwenye mota, inaweza kuupunguza ndani ya milisekunde. Injini ya petroli ni lazima isubiri mlipuko unaofuata kwenye silinda.

Mpaka hapo kidhibiti kinaonekana kama dawa ya kila kitu. Shida ni kwamba kinajua gurudumu linateleza, lakini hakijui linateleza juu ya nini.

Kwenye mizizi iliyolowa, jabali bapa lenye maji, au njia inayokata ubavu wa mlima, kipandishe bila aibu. Pale mtelezo ni hasara tupu: nyuma inakimbilia bondeni na wewe unaifuata. Kwenye tope zito mambo yanageuka. Kashata za tairi (vile vinundu vya raba) zikijaa udongo, kinachozisafisha ni mzunguko wa kasi unaorusha tope nje. Kidhibiti kikikata nguvu wakati huo, tairi linabaki limepakwa udongo kama kipara, na utazama hapohapo. Kilima kirefu cha kokoto pia kinataka mtelezo kiasi, kwa sababu kinachokufikisha juu ni mwendo ulioingia nao chini. Mfumo ukipunguza nguvu katikati, mwendo unakufa, na kuupata tena kwenye mwinuko wa namna ile ni kazi kubwa. Gogo nalo linataka pigo moja la nguvu kwa wakati wake. Usiruhusu kitu chochote kilicheleweshe.

Kuna hali moja ambayo kidhibiti hakiioni kabisa, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi kwa wageni. Gurudumu limebanwa na jiwe, halizunguki, na mpanda amevuta akseleta mpaka mwisho. Hakuna mtelezo, basi mfumo unatulia. Lakini mkondo mkubwa unapita kwenye nyaya za mota isiyozunguka, na karibu umeme wote unageuka joto. Mota na kontrola zikipata joto kupita kiasi, mashine hupunguza nguvu ili ijilinde, na utaihitaji nguvu hiyo kwenye kilima kinachofuata. Achia, rudi nyuma kidogo, tafuta njia nyingine. Umeme hauzimiki kama injini ya petroli, kwa hiyo kuanza upya ni rahisi. Itumie faida hiyo.

Mteremkoni, angalia breki ya mota, yaani jinsi mota inavyopunguza mwendo ukiachia akseleta. Ikiwekwa kali, gurudumu la nyuma linafunga kwenye udongo mlaini na pikipiki inageuka ubavu. Ipunguze, kisha tumia breki ya nyuma iliyo kwenye mkono wa kushoto, pale ilipokuwa klachi. Vidole viwili vinatosha.

Mazoezi yangu ni haya: chagua kilima kimoja, shusha nguvu mpaka nguvu ya farasi 30 hivi (Varg inaweza kutoa hadi 80, na huzihitaji), panda bila kidhibiti, halafu kiongeze hatua kwa hatua kwenye kilima hichohicho. Badilisha kitu kimoja kila mara. Na kabla ya yote hayo, weka tairi laini la enduro lenye musi (povu zito la kujaza tairi) ndani badala ya upepo. Raba mbaya haiokolewi na programu.

Ukitaka kuona mpaka wa teknolojia, tazama mbio za enduro ngumu za Erzberg, kwenye mgodi wa chuma kule Eisenerz, Austria, ambako wapanda wapatao 500 huanza na kupewa muda wa saa nne kumaliza. Mwaka 2015, kwenye sehemu iitwayo Downtown, wapanda Graham Jarvis, Jonny Walker, Alfredo Gómez na Andreas Lettenbichler walilazimika kuvutana pikipiki kwa mikono, wakatangazwa washindi wote wanne. Taddy Błażusiak, aliyeshinda hapo mara 5 mfululizo kuanzia 2007 hadi 2011, baadaye alihamia Stark, kampuni inayotengeneza Varg. Mguso wa akseleta aliouhamishia kwenye umeme aliujenga kwa miaka mingi juu ya petroli, na huo ndio ninaokuomba uujenge.

Kwa siku ya mbio, andaa modi (mipangilio ya nguvu na kidhibiti) mbili tu: moja ya jabali na mizizi yenye kidhibiti cha kutosha, nyingine ya tope na kokoto yenye kidogo au bila. Zijaribu nyumbani ukiwa umevaa glavu zilizolowa, uhakikishe kidole gumba kinaipata swichi bila macho kushuka kwenye usukani.