Kiwiko kinachouma ukikamua nguo

Pole dada, umeniandikia kwamba kiwiko kinakuuma ukikamua nguo, na umeambiwa uchomwe sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yanayochoma ukikamua nguo au kuinua sufuria, mara nyingi ni kano iliyochoka pale misuli ya kuinua kiganja inapojishikiza kwenye mfupa. Huitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaokipata hawajawahi kushika raketi: mafundi rangi, maseremala, wasukuma chapati.

Hiyo sindano ya steroidi uliyoambiwa, mimi ningeiacha kwanza. Hutuliza kwa wiki chache, kisha maumivu hurudi kwa wengi. Anza na zoezi hili: laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kupita ukingo wa meza. Shika chupa ya maji ya nusu lita, iinue kwa msaada wa mkono wa pili, halafu ishushe polepole. Kuuma kidogo si neno. Maumivu yakilala hadi kesho yake, punguza maji. Wengi hupona ndani ya mwaka, basi usikate tamaa wiki ya tatu.

Ila ukipata ganzi kidole cha mwisho na cha pete, au kiwiko kikivimba, kikawa cha moto na una homa, nenda hospitali mara moja.